Wimbo uko kwa simu, majaji wanataka karatasi

Kama unapiga gitaa mtaani, hii inakuhusu.

Mwaka jana mimi na wasee wawili, kila mtu na gitaa yake, tulipata tangazo la shindano la kimataifa la kutunga muziki wa kundi la gitaa. Tukachangamka. Kibao tulikuwa nacho, kimerekodiwa kwa simu, mbwa wa jirani akibweka nyuma. Kisha tukasoma masharti: tuma wimbo ulioandikwa kwa nota, kila gitaa na sehemu yake, na jina lako lisionekane popote. Rekodi pekee haitoshi. Safari yetu ikaishia hapo.

Najua utasema nini. Ati hao wametufungia nje makusudi. Hata mimi nilisema hivyo wiki nzima. Lakini rudia hilo sharti la jina. Mashindano mengi ya aina hii humtaka mtunzi atumie jina la kubandika, ili jaji asijue kama umetoka Vienna au Kayole. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikikataa. Niambie, ni wapi kwingine nitapimwa bila kuulizwa cheti?

Na si kwamba hatuna la kuandika. Benga ni gitaa zinazoongea: moja inaongoza, nyingine inajibu, besi inasukuma. George Mukabi alipiga gitaa moja ikasikika kama mbili. Sasa mtazame Leo Brouwer wa Cuba. Alichukua mvua ya kwao akaiandikia gitaa nne, inaanza tone moja moja mpaka inamwagika yote. Leo kundi lolote linalosoma nota, Japani au Brazili, linaweza kuipiga bila kumpigia yeye simu.

Zetu ziliandikwa na nani? "Masanga" ya Jean-Bosco Mwenda wa Congo ilirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Aliyekuja kuiweka kwa nota, mapema miaka ya 1960, ni msomi David Rycroft. Si Mwenda. Hilo linaniuma kidogo.

Wengine wanasema nota zitaua ladha. Kuna ukweli hapo, maana ule mchezo wa kidole gumba hauandikiki wote. Lakini ladha utaiongeza mwenyewe ukipiga. Karatasi kazi yake ni kufika pale ambapo wewe umenyimwa viza.

Na huhitaji kurudi darasani. MuseScore ni programu ya bure, inaandika nota kwa kompyuta hata ile ya saiba. Mtafute rafiki aliyefanya Muziki kwenye KCSE. Mwone mwalimu wa kwaya kanisani, kwa heshima. Solfa anayofundisha sopu na besi kila Jumamosi tayari ni nusu ya safari.

Nanyi wa kaunti, kumbi za mtaa mnazikodisha kwa harusi wikendi. Jumanne jioni ziko tupu. Saa mbili na mwalimu mmoja wa nota, hilo pia linangoja bajeti?

Sisi tumeanza. Kila Jumapili tunaandika mstari mmoja wa kile kibao. Tuko wa tatu, na besi bado anabishana na gitaa ya pili kuhusu nani aliingia mapema.