Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Ndugu Wanachama,

Nimeona yanipasa kulijibu neno moja lisemwalo mara kwa mara katika maongezi yetu, nalo ni hili: kwamba kazi ikiingia katika shida ya fedha, mtumishi mwema hukubali kupunguziwa mshahara bila kuuliza, na yule atakaye kuonyeshwa hesabu ni mtu wa fitina. Wanenao hayo hupenda kutoa mfano wa makampuni ya ndege, wakisema kwamba yaliuawa na ukaidi wa vyama vya wafanyakazi. Mimi nasema kwamba neno hilo si kweli, tena lina hatari kubwa kwetu sisi tuishio kwa mshahara. Na kwa kuwa wao wamechagua mfano wa ndege, nami nitawajibu kwa mfano huo huo.

Kwanza niwape haki yao. Ni kweli kwamba mafundi wa Eastern Air Lines ya Marekani waligoma mwezi wa Machi 1989, na katika siku zile zile kampuni ikaenda mahakamani kuomba hifadhi ya kufilisika, hata tarehe 18 Januari 1991 ndege zake zikaacha kuruka kabisa. Mgomo ni dawa kali, na dawa kali yaweza kumwua mgonjwa. Walakini kama chama ndicho sumu, mbona Southwest Airlines ya Dallas, ambayo wengi wa watumishi wake wamo katika vyama, ilipata faida mwaka 2001, na 2002, na 2003, miaka ambayo makampuni makubwa mengine ya nchi ile yalikuwa yakizama? Basi sumu yatupasa kuitafuta mahali pengine.

Sasa natutazame jirani yake katika jimbo lile lile la Texas, yaani American Airlines ya Fort Worth. Mnamo tarehe 11 Septemba 2001 ndege zake mbili zilikuwa miongoni mwa nne zilizotekwa na kuangamizwa. Watu wakaogopa kusafiri, na fedha zikapungua. Mwaka 2002 peke yake ilipata hasara ya dola milioni 3,500, na katika miezi mitatu ya kwanza ya 2003 ikapoteza zaidi ya dola milioni 1,000. Mwenzake mkubwa, United Airlines, alikuwa amekwisha kwenda mahakamani Desemba 2002. Kwa hiyo wakubwa walipowaambia watumishi kwamba nyumba inaungua, hawakusema uwongo. Moto ulikuwapo.

Watumishi walifanya nini? Je, walikuwa wakaidi? Karani yeyote na ajumlishe mwenyewe. Marubani waliombwa waache dola milioni 660 kila mwaka. Mafundi na wafanyakazi wa viwanjani milioni 620. Wahudumu wa ndani ya ndege milioni 340. Jumla ni dola milioni 1,620 kwa mwaka mmoja, katika mishahara, likizo na masharti ya kazi. Kura zikapigwa Aprili 2003. Marubani wakakubali, mafundi wakakubali. Wahudumu walikataa kwanza kwa kura chache, wakaongezewa siku moja, na tarehe 16 nao wakakubali. Watu hawa walivua nguo zao wenyewe ili kuzima moto wa nyumba ya bwana wao.

Ndipo lilipotokea jambo ambalo naomba kila mwanachama alishike moyoni. Taarifa ya mwaka ya kampuni, ambayo ilitazamiwa mwisho wa Machi, ilicheleweshwa, ikapelekwa serikalini tarehe 15 Aprili, siku ambayo kura zilikuwa zikimalizika. Ndani yake yalikuwamo mambo mawili. La kwanza, Mkurugenzi Mkuu, Bwana Donald Carty, na wakubwa wenzake wachache walikuwa wameahidiwa bakshishi ya mara mbili ya mshahara wa mwaka, mradi wabaki kazini hata Januari 2005. La pili, tangu Oktoba 2002 kampuni ilikuwa imetoa dola milioni 41 na kuziweka katika amana ya peke yake, kwa ajili ya kiinua mgongo cha wakubwa 45, ili zisiguswe na wadai hata kampuni ikifilisika.

Mwaona, ndugu? Wale waliohubiri kwamba sote tu wasafiri wa chombo kimoja walikuwa wamekwisha jiwekea mashua yao ya kuokokea, tena kwa siri, miezi sita kabla ya kuwaomba mabaharia watupe mizigo yao baharini.

Hasira iliyowaka haikuwa ya fedha peke yake. Dola milioni 41 ni kitu kidogo mbele ya milioni 1,620. Lililowauma watumishi ni kwamba walipiga kura gizani, na taa ilikuwa mikononi mwa mtu aliyeifunika. Bakshishi zikafutwa upesi, lakini ile amana ikabaki. Vyama vikataka kura irudiwe. Kampuni ambayo ilikuwa imeokolewa ikawa tena mlangoni pa mahakama, na safari hii aliyeisukuma hakuwa chama. Tarehe 24 Aprili Bwana Carty akajiuzulu, na baada ya masharti kutengenezwa upya mikataba ikathibitishwa. Nawauliza wapinzani wangu: ni nani aliyekaribia kuiua kampuni katika wiki ile, aliyeuliza hesabu au aliyeificha?

Wala hadithi haikuishia hapo. Katika 2006 na 2007 wakubwa walipewa malipo makubwa ya hisa, hali watumishi walikuwa hawajarudishiwa walichokiacha. Na tarehe 29 Novemba 2011 kampuni ikaenda mahakamani kuomba hifadhi vile vile. Februari 2012 ikatangaza nia ya kupunguza watu wapatao 13,000, na ikataka kuvunja mipango ya pensheni. Ila ilipopingwa ikakubali kuisimamisha isiongezeke. Basi mtumishi wa kawaida alitoa mara mbili, na mara ya pili hakuwa na mashua.

Wala tusidhani kwamba mambo ya kiinua mgongo ni ya Marekani tu. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, na moja la madai yao lilikuwa kampuni irudie kuchangia mfuko wa akiba ya uzeeni, mchango uliosimamishwa mwaka 2020 wakati wa ugonjwa wa korona. Mahakama ikawaamuru warudi kazini. Sisifu mgomo ule, maana abiria wengi walitaabika. Nasema tu kwamba fedha ikipungua, akiba ya uzeeni ya mtumishi huwa karibu na mkono, na yafaa ijulikane mapema akiba ya nani inaguswa na ya nani imefungiwa.

Basi ushauri wangu si wa fitina. Siku tutakapoombwa kujinyima, tusikatae kwa kiburi, wala tusikubali kwa woga. Tuseme: Mabwana, tu tayari kusaidia, lakini kwanza tuonyeshwe daftari zima, pamoja na ukurasa wa mishahara, bakshishi na amana za wakubwa. Pili, hesabu hiyo ifike mikononi mwetu kabla ya siku ya kura, si siku ile ile. Tatu, mkataba uandike ni lini na kwa kipimo gani tutarudishiwa tulichokiacha, hali ikiwa njema.

Sisi ndio makarani. Ndio tuandikao mapato na matumizi ya watu wengine kila siku, na hesabu isipolingana hatuthubutu kutia sahihi. Hakuna bwana aliyepata kumwita karani mfitini kwa sababu alikataa kutia sahihi daftari asilolisoma. Iweje basi iwe fitina siku hesabu ikiwa ni ya mkate wa watoto wetu?

Wasalaam.

Ni mimi,
Karani Mwenzenu