Chuma Tunachangia, Nauli ya Fizio Je?

Haipiti miezi miwili kabla niongezwe kwenye grupu la WhatsApp la kuchangia mzee aliyevunjika nyonga. Mnayajua. Picha ya cucu akiwa kwa harusi ya mtu, namba ya M-Pesa, na orodha ya majina inayozidi kurefuka: nani katuma mia tano, nani katuma elfu mbili. Huku Mathira tuko wakali kwa hiyo kazi. Pesa inapatikana, daktari anaweka chuma, cucu anarudi nyumbani, admin anaandika "Mungu awabariki", watu wanatoka mmoja mmoja.

Sasa ndio kazi inaanza, na grupu halina mtu.

Mimi nasema hivi, na najua mashangazi watanuna: grupu lisifungwe kabla ya miezi sita. Na kabla hamjanunua soda za wageni wa kumpa pole, tengeni pesa ya mazoezi.

Upasuaji unaunga mfupa. Misuli haurudishi. Kuna utafiti wa Marekani wa 2007 ambapo wazee wenye afya yao waliombwa walale kitandani siku 10. Siku 10 tu, na walipoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa wameanguka wala kupasuliwa. Sasa fikiria mtu wa miaka 79 aliyetoka thieta, analala wiki tatu, na kila anayeingia chumbani anamwambia "pumzika, Cucu". Ndio maana mwongozo wa Uingereza wa 2011 unasema mgonjwa wa nyonga aanze kuinuliwa siku inayofuata upasuaji, isipokuwa kuwe na sababu ya kidaktari ya kumzuia. Siku inayofuata, bana!

Huku kwetu kinachomlaza mzee ni heshima. Mtu amechuma majani chai miaka hamsini, unaanzaje kumwambia asimame, akae, asimame tena? Cucu wangu alianguka Aprili mwaka jana, njia ya kwenda kwa ng'ombe, matope yale mnayoyajua. Fizio alipomsimamisha wodini akalia kidogo, shangazi yangu karibu ampige yule kijana. Ati anamtesa mama yake.

Tulipotoka hospitali tukaambiwa turudi mara mbili kwa wiki. Piga hesabu. Boda hadi stejini, matatu hadi Nyeri mjini, na Cucu haendi peke yake, kwa hivyo zidisha mara mbili, halafu rudi. SHA hailipi matatu. Wiki ya tatu maneno yakabadilika: "Si anatembea tembea kidogo?" Wiki ya nne hakuna aliyetuma nauli. Watu walewale waliotuma elfu mbili za chuma!

Nikabaki mimi. Niliacha chuo, niko nyumbani, natengeneza klipu, kwa hivyo kwa familia sina kazi. Bahati nzuri siku ya mwisho nilimwomba fizio anionyeshe mimi, si Cucu peke yake. Na hiyo si njia ya mkato ya watu maskini. Mwaka 2014 Wamarekani walichapisha utafiti wa wazee 232 waliovunjika nyonga na kumaliza tiba yao ya kawaida. Nusu yao walifundishwa na fizio nyumbani mazoezi rahisi, kama kuinuka kwenye kiti na kupanda ngazi moja, halafu wakayafanya wenyewe miezi sita. Walisogea vizuri kuliko wenzao waliofundishwa mambo ya lishe. Tofauti haikuwa muujiza, lakini ilikuwepo, na jimu haikuhitajika.

Ila usianze kwa kubahatisha. Uliza ni upasuaji gani, na anaruhusiwa kukanyaga kwa uzito gani. Wengine waliowekewa nyonga ya bandia wanakatazwa kukaa chini sana kwa muda, na jikoni kwetu kuna nini? Kale ka stuli kafupi kando ya moto. Na choo cha shimo. Hayo mawili mpange kabla hajarudi nyumbani. Maumivu kiasi yapo, dawa ya maumivu anywe mapema kabla ya mazoezi kama alivyoandikiwa. Mguu ukivimba ghafla au pumzi ikikata, hayo si ya kuvumilia, ni hospitali mbio.

Wasee wa jimu mtanielewa haraka: uzito ukibaki uleule, misuli inakaa vilevile. Kiti chenye mito miwili kinakuwa na mto mmoja, halafu bila mto. Mikono inashika meza, baadaye vidole tu. Cucu anahesabu kwa Kikuyu na anaruka saba kila siku, akidhani sisikii.

Inachukua nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, na siku za baridi ya Julai unambembeleza kwanza. Ni kazi. Ng'ombe wetu ana mtu wa kumkamua, analipwa kila mwisho wa mwezi na hakuna anayelalamika. Anayemwinua Cucu anaitwa "huyu kijana aliyekaa tu". Nimeandika bajeti kwenye grupu la familia: nauli ya kumpeleka kwa fizio mara moja kwa mwezi aangaliwe, na kitu kidogo cha anayehesabu. Wameisoma wote kumi na nne. Nangoja.