Mwenye Mswada Sandukuni

Katika barua zenu swali moja lazidi kurudi: "Nimeandika kitabu, nifanye nini kipate kupigwa chapa?" Twafurahi kuulizwa. Walakini twaona kwamba wengi waanzia mwisho. Mswada haujafika nusu, nao wamekwisha chagua picha ya jalada.

Hapa Lubumbashi pana kitabu kimoja ambacho habari zake zamfaa kila mwandishi mpya. Mwaka 1965, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Elisabethville, Bwana André Yav aliandika historia ya mji huu kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani, wale walioitwa "maboyi". Waliipa jina la Kifaransa, Vocabulaire de Ville de Elisabethville, lakini ndani yake ni Kiswahili, tena kile kile kinachosemwa katika Katuba na katika Kenya (maana yetu ni mtaa wetu, si nchi). Hawakungoja tajiri wala mwenye duka la vitabu. Waliandika kwa mashini, zikatoka karatasi thelathini na kitu, nazo zaeleza mji kama ulivyoonekana na watu waliopika na kufua nguo katika nyumba za Wazungu. Mambo hayo huyapati katika vitabu vya serikali ya wakati ule wala vya Union Minière.

Miaka 25 ikapita. Mwaka 1990 Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu cha Amsterdam, alizitoa karatasi zile kuwa kitabu, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kazi haikuwa nyepesi, maana mwandiko wenyewe uliyashinda macho: maneno yameungana pasipostahili, mengine yamekatwa katikati, na vituo ni haba. Ikabidi mwenzake, Bwana Kalundi Mango, aliyekijua Kiswahili cha Katanga, ayasome yote kwa sauti. Ndipo maana ilipotokea. Lugha ya Bwana Yav ilikuwa nzima. Kilichokosekana kilikuwa mwandiko wa kumwongoza msomaji asiyemjua mwandishi.

Basi, ndugu mwandishi, kabla ya kutafuta mpiga chapa, usome mswada wako kwa sauti. Uusome nyumbani, jioni, mbele ya mume au mke na watoto wakubwa. Wanapopiga miayo, utie alama. Wanapouliza "Nani huyo anayesema?", utie alama nyingine. Na pale unapoacha karatasi ukaanza kueleza kwa mdomo, ujue kwamba maelezo hayo yalipaswa kuwa yameandikwa. Kisha umpe mwingine ausome mbele yako, nawe unyamaze. Jambo hili la kunyamaza ni gumu kuliko yote.

Wengine wauliza kama yafaa kuandika Kifaransa au Kiswahili. Wana wa Katanga waliosifiwa mbali waliandika Kifaransa. V.Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki mwaka 2025, alitoa riwaya yake Entre les eaux huko Paris mwaka 1973, habari za padre aliyekwenda kujiunga na waasi, nayo ikapata tuzo ya Kikatoliki ya fasihi mwaka 1975. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, alitoa Tram 83 huko Paris mwaka 2014, akiwa amekwisha kutanguliza mashairi. Lakini babu yako, ambaye habari zake ndizo unazoziandika, aongea Kifaransa? Twaonelea kwamba mtu aandike kwanza katika lugha ambayo wahusika wake husemea. Kwa Kiswahili pia mlango upo: tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell hupokea miswada ambayo haijatoka bado. Ila mwenye kutaka kushindana huko hana budi kujizoeza Kiswahili sanifu, maana atashindana na watu wa Kenya (sasa twasema nchi) na Tanzania.

Sasa fedha, ambazo ndizo huvunja jamaa nyingi. Twasema wazi: nyumba ya kutoa vitabu humlipa mwandishi. Ikikudai wewe fedha, basi hiyo ni mpiga chapa, hata ikijiita kwa Kifaransa kizuri namna gani. Kumwendea mpiga chapa si aibu, ila uhesabu kwanza. Tuseme ataka dola 4 kwa kila nakala, nawe waagiza 500: ni dola 2.000. Wauza kwa dola 8, na mwenye duka achukua sehemu tatu katika kumi. Wabakiwa na dola 5 na senti 60. Yakubidi uuze nakala 358 kabla ya kurudisha fedha yako peke yake. Je, wawajua watu 358 watakaonunua, si watakaoomba wapewe bure? Tumeona maboksi ya vitabu yakiliwa na mchwa chini ya kitanda, na karo ya watoto imekwenda humo. Afadhali uanze na nakala 100, hata kama bei ya kila moja itapanda kidogo.

Ukiiendea nyumba ya kutoa vitabu, kama Médiaspaul ya Kinshasa, tazama kwanza vitabu vyake vya siku zote, usije ukapeleka riwaya ya mapenzi kwa watu wasiotoa riwaya. Peleka nakala, kamwe si mswada wenyewe. Kabla ya kutia sahihi uulize mambo haya: nakala ngapi, sehemu gani ya bei ni yako, italipwa lini, na kitabu kikiisha haki itarudi kwa nani. Mkipiga chapa wenyewe, namba ya ISBN huombwa Bibliothèque Nationale, Kinshasa.

Tena akina baba msiwafiche wake zenu jambo hili. Sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 yalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na faida ni ya warithi. Lakini warithi wasiojua mkataba ulipo watadai nini? Andikeni katika daftari la nyumba jina la kitabu, tarehe, na jina la aliyepewa haki. Mkataba muuweke pamoja na vyeti vya ubatizo na vya ndoa. Nakala moja ya mswada ikae kwa ndugu wa mtaa mwingine, maana mvua ya Januari haibagui masanduku.