USINUNUE POLISHI



Kijana wetu aliyehamia Texas alinitumia picha juzi. Ni bunduki kuukuu ya jeshi la Uingereza, Lee-Enfield, mbao zake zimepigwa polishi zikang'aa. Hajawahi kumiliki bunduki, lakini huko sheria inamruhusu. Akaandika: "Pastor, ni nzuri sana, nataka kuitundika sebuleni. Niombee nipate hela."

Nilimjibu, na naona jibu litafaa wengi.

Mwanangu, bunduki za aina hiyo ndizo babu zetu wa KAR walizobeba kule Burma mwaka wa 1944. Inapendeza, sikatai. Lakini wewe umeangalia mbao. Je, umeangalia ndani ya mtutu? Risasi zake za zamani zilikuwa zinaacha chumvi humo kila zikipigwa. Chumvi huvuta unyevu, unyevu huleta kutu. Ndiyo maana askari walimimina maji ya moto ndani ya mtutu, wakaukausha, wakapaka mafuta. Aliyepuuza, bunduki yake ilibaki maridadi kwa nje huku ndani inaliwa.

Linganisha pia namba iliyo kwenye bolti na ile ya mwili wa bunduki. Zikitofautiana, huenda ni vipande vya bunduki mbili. Fundi aipime kwanza kabla hujaipiga, isije ikakuumiza uso.

Soma 1 Samweli 17. Sauli alimvika Daudi mavazi yake ya vita. Yalikuwa ya mfalme, lakini Daudi aliyavua kwa sababu hakuwa ameyajaribu. Sasa nenda sura ya 21. Daudi huyo huyo anachukua upanga wa Goliathi, silaha kuukuu iliyokwisha kuua. Ulikuwa umewekwa wapi? Kwa kuhani, nyuma ya naivera, umefungwa kwa nguo. Haukutundikwa mahali wageni wausifu.

Na wewe una mtoto wa miaka mitano anayejua kupanda kiti.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: usinunue bado. Nunua kwanza kabati la chuma lenye kufuli. Jifunze kuishika kwa mtu anayeijua. Mama watoto akubali kwa moyo, si kwa kunyamaza. Ukimaliza hayo na bado unaitaka, nipigie, tutaombea hela.

Nanyi mliobaki, msicheke. Wangapi tumechagua mchumba, gari, hata mchungaji, kwa sababu ya polishi? Samweli alikuwa nabii, na bado alimwona Eliabu na urefu wake akadhani amepata mfalme. Mungu alikuwa anaangalia ndani.

Tuombe: Bwana, nipe subira ya kuchungulia ndani kabla sijalipa. Na mimi pia unioshe ndani, nisibaki kung'aa nje tu.

Kama unapokea, andika AMINA.