Wa kike au wa kiume? Baba, swali hili ni lako

Mama mmoja, mke wa mchimbaji mdogo wa Geita, alikuja kliniki na mimba ya tano. Wanne waliotangulia ni wa kike, watatu kati yao kwa upasuaji. Kabla sijampaka jeli tumboni akauliza, "Daktari, safari hii ni wa kiume?" Mimi nilikuwa natafuta kondo la nyuma limejishikiza wapi. Likikaa juu ya makovu yale, mama anaweza kutoka damu hadi kufa. Yeye aliogopa jingine: mume ameshasema akija wa kike tena, anaoa.

Baba unayesoma, yai la mama hubeba kromosomu X tu. Mbegu yako ndiyo huleta X au Y, na Y ndiyo mtoto wa kiume. Hukuichagua, lakini hata yeye hakuichagua. Ukioa mwingine, unakwenda na mbegu zile zile.

Jinsia huamuliwa siku mimba inapotungwa. Hakuna dawa ya mganga inayoigeuza. Baadhi ya mitishamba hiyo hukaza mfuko wa uzazi, na wenye makovu unaweza kupasuka.

Wapo walioniuliza kwa sauti ya chini kama mimba ya jinsia "isiyotakiwa" inaweza kutolewa. Sheria hairuhusu, nami sifanyi. Lakini mama, usikimbilie vidonge vya mtaani. Rudi tuzungumze, sitakugombeza. Tena altrasaundi hukosea jinsia. Shirika la Afya Duniani linashauri upimwe mara moja kabla ya wiki ya 24 ili tujue umri wa mimba, kama ni mapacha, na kama mtoto ana kasoro.

Shinyanga huwa nasahihishwa: "Daktari, sisi tunapenda wa kike, analeta ng'ombe." Kweli. Ila furaha hiyo ya ng'ombe ndiyo humtoa binti darasani, nikampokea wodini na uchungu wa siku mbili, nyonga haijakomaa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kumwoza msichana chini ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Mahari bado inapokelewa.

Yule mama nilimwambia arudi na mumewe. Nilimwonyesha baba makovu kwenye skrini, na kondo lililokuwa mbali nayo, bahati yao. Alikaa kimya muda mrefu. Mtoto alikuja wa kike, kilo 3.1. Mama aliomba afungwe kizazi siku hiyo hiyo, na baba hakupinga.