Fomu Iliyobandikwa Mlangoni

Usiku wa uchaguzi nchini Kenya, kura za urais zikishahesabiwa, msimamizi wa kituo hujaza Fomu 34A. Mawakala wa vyama hutia sahihi, kisha nakala hubandikwa mlangoni pa kituo. Kesho yake yeyote apitaye akienda sokoni anaweza kuisoma. Kwa maoni yetu, karatasi hiyo imejenga amani kuliko mahubiri mengi ya amani.

Matokeo ya mwaka 2007 yaligombaniwa, na zaidi ya watu 1,100 wakauawa. Tume ya Jaji Johann Kriegler ilihitimisha kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Mwaka 2017 takwimu zilionekana kwenye skrini kabla ya fomu zake. Mahakama ya Juu ilipoamuru seva zifunguliwe, tume ya uchaguzi haikutii ipasavyo, na uchaguzi ukafutwa. Tume ilitaka iaminiwe huku imeshika ufunguo.

Mwaka 2022 picha za fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti. Ubishi ukabadilika sura. Badala ya "mmetuibia" tu, watu waliulizana: kituo gani? Fomu ipi? Mfuasi wa Odinga na wa Ruto, wagombea wakuu wa urais, waliweza kubishana juu ya tarakimu ileile bila kupendana. Hata makamishna wanne kati ya saba walipoyakana matokeo, mzozo ulipelekwa mahakamani, na majaji saba wakaamua kwa kauli moja. Shaka haikuisha; mwaka 2023 wapinzani waliingia barabarani wakidai seva zifunguliwe. Lakini fomu zilibaki pale, na kila upande uliweza kuzijumlisha.

Ndiyo maana tunachoshwa na viongozi wanaowasihi wananchi "wawe na imani na serikali". Imani haiombwi jukwaani. Anayeitaka aanze kwa kumpa asiyemwamini nafasi ya kumkagua. Orodha ya waliopata basari za eneo bunge ibandikwe kwenye ofisi ya chifu, na kiasi alichopewa kila mmoja. Bei ya zabuni ya barabara ya kaunti iandikwe pale barabara inapojengwa.

Makamishna wapya wa uchaguzi waliapishwa Julai 2025, baada ya nchi kukaa zaidi ya miaka miwili bila makamishna. Tunawataka watangaze mapema, kabla ya kampeni za 2027 kupamba moto, nani ataruhusiwa kukagua seva na kwa utaratibu gani.