Chovya Chovya Yamaliza Rangi

Msimu wa harusi ukiwadia, au Idi ikikaribia, magari ya miji yetu hung'arishwa hata mtu akaweza kufunga kilemba kwa kujitazama mlangoni. Hatuna ugomvi na hilo. Unadhifu ni ada ya watu wa pwani tangu kale. Lakini liko jambo ambalo wenye magari wengi hawaambiwi, nalo ni kwamba kung'arisha kwa mashine si kupaka, bali ni kuparuza.

Gari hufifia kwa sababu uso wake umejaa mikwaruzo midogo midogo inayotawanya mwanga. Dawa ya kusugulia ina chembe ndogo mno zifanyazo kazi ya msasa. Huila rangi mpaka uso ukawa sawa na mwanga ukarudi. Basi kila mng'aro hulipiwa kwa rangi.

Na rangi yenyewe si nyingi. Magari mengi ya leo yana tabaka la juu lililo angavu, mfano wa vanishi juu ya kabati, ambalo unene wake kwa kawaida ni kama maikroni 40 hadi 50. Milimita moja ni maikroni 1,000. Tabaka hilo ndilo ngao ya rangi mbele ya jua. Likiisha, hubambuka mabaka meupe, na hapo hakuna kusugua kutakakofaa ila kupaka rangi upya.

Magari ya zamani yalikuwa yakimwonya fundi. Ukisugua gari jekundu, kitambaa nacho hugeuka chekundu, ukajua unachokichukua. Tabaka angavu halina rangi. Laondoka kimya kimya, na kitambaa hakisemi neno. Wahenga walisema chovya chovya yamaliza buyu la asali.

Kwa hiyo twatoa nasaha. Gari lioshwe kwanza kwa maji mengi, kwani mchanga ukisuguliwa huchora mikwaruzo mipya, mfano wa utando wa buibui. Kazi ifanywe kivulini, bati likiwa limepoa. Fundi aanze na dawa iliyo laini kuliko zote, ajaribu mahali padogo, na ikitosha asizidishe. Kwenye pembe na mikunjo aende kwa hadhari, maana ndipo rangi huliwa upesi. Mkwaruzo unaonasa ukucha ni mzito mno kuondolewa kwa kusugua. Mwisho ipakwe nta, ambayo haili rangi. Nta ndiyo ya kurudiwa mara kwa mara, si mashine.

Gari la mtu ni amana mikononi mwa fundi. Yule amwambiaye mteja, "Hili lataka kuoshwa na nta tu," hupoteza fedha za siku ile. Nasi wateja tumrudie huyo, na ushauri wake tuulipie kama tulipiavyo kazi.